Kuchuja MAC au kubadili nenosiri: kipi kinamtoa mdoezi wa Wi-Fi?

Jana nilifungua ukurasa wa rauta, 192.168.1.1, nikakuta vifaa saba. Nyumbani tuna simu nne na runinga tu.

Kuchuja anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa kwenye mtandao, ni kuorodhesha simu zinazoruhusiwa, zilizobaki zikae nje. Inavutia, lakini anwani hiyo husafiri hewani bila kufichwa. Mjuzi huinakili akaingia kama mwenye nyumba. Ukiamua kumfungia mdoezi mmoja mmoja, simu za Android 10 na iOS 14 (iPhone) kuendelea zina anwani ya MAC ya kubuni: akiibadilisha, karudi. Na kila shangazi akija kutembea, unahariri orodha upya.

Kubadili nenosiri huwatoa wote kwa mpigo. Chagua WPA2 au WPA3, aina za ulinzi wa Wi-Fi, weka maneno manne yasiyohusiana, kisha zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri, maana udhaifu wa PIN yake ya tarakimu 8 ulitangazwa tangu 2011. Badilisha pia nenosiri la msimamizi, lile la kuingilia ukurasa wa rauta. Lile "admin" lililobandikwa chini ya rauta kila mtu analijua. Usumbufu ni kuunganisha upya simu na runinga, basi.

Mimi nachukua nenosiri bila kusita. Kuchuja kunafaa kumkatia mtoto intaneti usiku.