Jibini la Kuweka Juu ya Pasta ya Kuoka: Lipi Libebwe, Lipi Libaki Dukani

Trei ya makaroni ya kuoka ikitua mezani, hakuna anayeangalia makaroni. Macho yote yako juu, kwenye ule ukoko wa dhahabu wenye madoa ya kahawia, na kila mtu ameshajichagulia pembe yake kimoyomoyo kabla sahani hazijagawiwa. Nyumbani kwetu vita vya pembe ni vya kweli: pembe ni nne, sisi ni sita, na aliyeoka ndiye wa kwanza kuchagua. Sheria hiyo nimeitunga mimi na sitaibadilisha.

Kwa hiyo jibini la juu usilinunue kama pambo. Linunue kama unavyoajiri fundi, uulize anajua kazi gani. Juu ya pasta kazi ni tatu: kuyeyuka, kuvutika na kupata rangi. Ukiongeza ladha zinakuwa nne, na jibini moja linaloziweza zote nne sijalikuta. Ndiyo maana siku zote nanunua mawili.

Kinachoamua ni umri na maji. Jibini changa lina nyuzi ndefu za protini zilizoshikana, hivyo likipata moto huvutika. Likikaa miezi mingi nyuzi zile hukatikakatika, ladha inakolea na mvuto unakwisha. Mafuta nayo yana haraka: kwenye nyuzijoto 32 hivi yameshayeyuka, ndiyo sababu kipande ukikishika kwa muda kinakuachia mafuta vidoleni. Protini husubiri moto zaidi, kati ya 55 na 65 kwa majibini laini, na kwenye 80 hivi kwa yale magumu ya kukwaruza. Hili la mafuta kutangulia litunze kichwani, litatufaa tukifika kwenye cheddar.

Namba moja: mozzarella ya kipande

Nasema ya kipande, ile ngumu kidogo iliyofungwa bila hewa, wala si ile inayoogelea kwenye maji. Wakati wa kuitengeneza, maziwa yaliyogandishwa huvutwa na kukandwa ndani ya maji ya moto kama unga wa chapati, mpaka nyuzi za protini zinalala upande mmoja. Zile kamba ndefu unazoinua kwa uma zinatoka hapo. Ile sukari kidogo ya maziwa inayobaki ndani yake ndiyo inayoungua taratibu na kuleta yale madoa ya kahawia.

Dukani, ibonyeze juu ya pakiti. Ikirudisha kidole bila kutoa maji, chukua. Trei ya sentimita 23 kwa 33 inatosheka na gramu 250. Ukizidisha, juu panakuwa blanketi: kijiko cha kwanza kinalibeba lote na aliye mwisho wa foleni anaachiwa makaroni matupu. Nimeona watoto wakilia kwa jambo hilo, na walikuwa na haki.

Upungufu wake ni ladha. Ni pole mno. Inahitaji mwenzi.

Namba mbili, na huyu ndiye mwenzi: jibini gumu la kukwaruza

Parmigiano Reggiano hutengenezwa kaskazini mwa Italia, katika Parma, Reggio Emilia, Modena na sehemu za Bologna na Mantova tu, na haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo kabla ya kufikisha miezi 12. Gurudumu moja lina kilo 40 hivi. Ukilinusa baada ya kulikwaruza utaelewa miezi hiyo ilikwenda wapi.

Lakini kwa kuoka, mimi nachukua Grana Padano. Hili huanzia miezi 9, huwa rahisi kuliko mwenzake, na likishapita ndani ya oveni juu ya sosi ya nyanya, tofauti yao hata mlaji mwenye ulimi mkali ataitafuta. Parmigiano liweke kwa siku ya kulimega na kulila hivihivi. Pecorino Romano nalo ni la maziwa ya kondoo na lina chumvi nyingi. Ukilinunua, punguza chumvi ya sosi kabla hujaanza, maana ikishazidi haitoki.

Gramu 50 zinatosha kwa trei ileile. Zinyunyize juu ya mozzarella, si chini yake, zishike moto na kukauka. Hapo ndipo ukoko unapopata mlio. Usijaribu kufunika trei nzima kwa jibini gumu peke yake: halina maji ya kulifanya litandae, litakauka kama makombo na kuungua pembeni mpaka liwe chungu.

Namba tatu: Gouda changa, fontina, Gruyère

Haya yote huyeyuka vizuri. Kama pasta yako ina sosi nyeupe badala ya nyanya, nalipandisha Gruyère hadi namba moja bila kusita. Lina ladha kama ya karanga zilizokaangwa, na sosi nyeupe inaipenda. Gouda libebe lile changa, kwa kuwa lililozeeka huwa kavu na linafaa zaidi kukwaruzwa juu kama mwenzi.

Namba nne: cheddar

Cheddar lina wapenzi wengi na silikatai. Tatizo ni kwamba watu hununua lile kali lililozeeka wakidhani ukali ni ubora. Yakumbuke mafuta yenye haraka: kwenye cheddar lililozeeka protini haina nguvu tena ya kuyashikilia, hivyo yanatoka na kutengeneza vidimbwi vya rangi ya machungwa juu ya pasta, na jibini lenyewe linabaki chini limekunjamana. Chukua lisilo kali, uchanganye nusu kwa nusu na mozzarella. Na rangi isikuvute. Ule uchungwa ni rangi ya mbegu za mmea wa annatto, wala haiongezi chochote kwenye ladha.

Namba tano: mozzarella ya maji

Ni tamu, laini, na mbichi inapendeza na nyanya. Juu ya pasta ya kuoka ni mtihani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na oveni huyadai yote. Niliwahi kuipanga vipande vinene juu ya lasanya ya wageni. Ilitoka nyeupe, nzuri kama picha. Nilipoingiza kijiko kwenye pembe, maji meupe yalipanda taratibu yakalijaza shimo, na tabaka za chini zikaanza kuteleza moja juu ya nyingine. Kama ndiyo uliyonayo, ikate vipande vyembamba, ipange kwenye kitambaa safi kwa nusu saa, kisha uikamue kwa kiganja.

Namba sita: jibini lililokwaruzwa tayari

Linaokoa muda, na siku ya haraka nalitumia. Ila soma pakiti: mara nyingi limepakwa wanga wa viazi au selulosi (unga wa nyuzi za mimea) ili lisigandane, na unga huohuo hulizuia kuungana vizuri likiyeyuka. Kikwaruzio na dakika tano vinakupa ukoko bora.

Ya kuacha rafuni

Vipande laini vya jibini la kusindikwa vimewekewa chumvi zinazoshikanisha maji na mafuta, kwa hiyo huyeyuka lakini haviwi ukoko. Ndani ya sosi vinafaa sana. Feta, halloumi na ricotta haviyeyuki hata uvipigie magoti. Ricotta iingie katikati ya tabaka, huko ndiko kwao. Na ukiona pakiti imetaja mafuta ya mimea badala ya maziwa, hilo ni jibini la kuigiza. Rudisha.

Ukishafika nyumbani, funika trei kwa foili iliyopakwa mafuta upande wa ndani, la sivyo itaondoka na ukoko wako wote. Oka kwenye nyuzijoto 190 mpaka sosi ichemke pembeni, kisha fungua na uache dakika 15 za mwisho wazi. Ikitoka, iache ipumue dakika 10 kabla ya kukata. Mlinzi wa pembe aanze kusimama karibu na meza kuanzia dakika ya 8.