Uzoefu wangu: shokapu mpya za KYB kwenye Premio ya 2003, kazi niliyoifanyia uani kwangu Bombo

Nimetembelea shokapu za mbele za KYB, aina ya Excel-G, tangu kabla ya mvua za masika, kwenye Toyota Premio ya mwaka 2003. Nimeridhika nazo, na mwenye gari la umri huo akiniuliza namwambia anunue. Ila nina sharti moja: usinunue shokapu peke yake. Nunua pamoja na maunti ya juu (kile kikalio cha raba na chuma kinachoishikilia shokapu kwenye bodi), beringi yake, raba ya vumbi na ile raba ya kuzuia shokapu isigonge mwisho. Utulivu ninaoupata leo kwenye usukani umetokana na vitu hivyo vidogo sawa na ulivyotokana na shokapu zenyewe. Cha kusikitisha, ndivyo vinavyorudishwa vikiwa vimechoka ili mtu aokoe hela kidogo.

Gari langu linalala Bombo, kaskazini mwa Kampala, na linashinda Kampala. Napita Matugga, Kawempe na Bwaise, njia ambayo kila anayeiendesha anaijua: lami ipo, lakini ukingo wake umeliwa, na lori la kwenda Gulu likikukaribia huku boda imekubana, unashuka pembeni na tairi za kushoto. Sisi Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo tairi ya mbele upande wa abiria ndiyo inayopokea mapigo mengi. Nilipolala chini kuangalia, shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta hadi vumbi jekundu limeganda juu yake kama tope. Ya kulia ilikuwa na unyevunyevu tu. Nilibadilisha zote mbili, maana ukiweka mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili, gari litashika barabara kwa namna mbili, na utalijua hilo siku utakayofunga breki ghafla kwenye maji.

Dalili zilikuwa wazi. Nikifunga breki, pua ya gari ilizama. Nikivuka tuta, mbele ilipanda na kushuka mara kadhaa badala ya kutulia mara moja. Lakini iliyonishtua zaidi ilikuwa kwenye tairi: nilipopitisha kiganja juu ya kashata, yaani meno ya tairi, nilihisi mabonde na vilima, hapa imeliwa, pale haijaliwa. Tairi inaliwa hivyo kwa sababu haikai chini, inarukaruka juu ya barabara. Na tairi isiyokaa chini haiwezi kufunga breki sawasawa. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu akisema shokapu ni mambo ya starehe tu.

Kwenye magari kama Premio, shokapu ya mbele ina kazi nyingi kuliko kutuliza springi. Ni mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson: shokapu imebeba springi, imeshika gurudumu lisimame wima, na ukikata kona inazunguka pamoja na usukani. Mzunguko huo unabebwa na beringi iliyo juu, ndani ya maunti. Beringi ikishikwa na kutu, springi inajikunja halafu inaruka, na utasikia mlio wa “kwang!” unapozungusha usukani gari likiwa limesimama. Kwangu ulikuwa unasikika hadi kwa jirani.

Spea nilinunua Kisekka, soko la spea za magari pale Kampala. Pale chaguo ni tatu: za mtumba kutoka Japani, mpya za bei ya chini zenye majina usiyowahi kuyasikia, na mpya za kampuni zinazojulikana. Kijana mmoja alinionyesha za mtumba. “Hajji, hizi zimetumika kidogo tu, bado zina nguvu.” Nikamwomba nizijaribu mbele yake. Shokapu ya gesi ukiisimamisha na kuukandamiza mti wake, ile fimbo ya kung'aa, hadi chini, inatakiwa iurudishe juu polepole yenyewe. Moja ilipanda, ya pili ikabaki imelala. Kijana mwenyewe aliiona, akairudisha kwenye rafu bila ubishi. Sizikatai za mtumba moja kwa moja, wengine wamepata nzuri, lakini hujui zimekula kilomita ngapi, na kazi ya kuzifunga ni ile ile. Za majina yasiyojulikana nilishazikataa moyoni, kwa sababu kaka yangu aliwekewa jozi ya namna hiyo kwenye gereji moja na zikaanza kuvuja kabla tairi zake hazijaisha.

KYB ni kampuni ya Kijapani, jina lake lingine ni Kayaba. Jozi ilinigharimu zaidi kidogo ya laki tano, maunti na raba zake mbali. Ni pesa, sikatai. Lakini magari haya yanahitaji kutunzwa: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini. Premio kama yangu hailetwi tena. Uliyonayo ndiyo hiyo.

Kazi yenyewe nilifanya uani na mpwa wangu, anayejifunza umakanika. Nati za magurudumu tulizilegeza gari likiwa bado chini, tukazuia tairi za nyuma, tukapandisha jeki, kisha tukaliketisha gari kwenye stendi za chuma. Si kwenye matofali! Tofali la kuchoma linapasuka bila kukuonya. Nati mbili kubwa za chini zilikuwa zimeshikwa na kutu, tukazimwagia mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia na asubuhi zikaachia. Kabla ya kuzitoa tulichora alama kwa msumari pale shokapu inapokutana na habu, kile chuma kinachobeba gurudumu, ili mlalo wa tairi usibadilike sana wakati wa kurudisha. Waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) na paipu ya breki vilifunguliwa kwenye vishikizo vyake, na habu tukaifunga kwa kamba isining'inie. Ikining'inia inavuta paipu ya breki, na ekseli inaweza kuchomoka ndani.

Nati ya linki ya stabilaiza, kile chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona, ilitusumbua kuliko zote kwa sababu mti wake huzunguka pamoja na spana. Tiba ni kuingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) katikati ya mti, ukaushika usizunguke, huku spana ya kawaida ikifungua nati kwa nje.

Sasa springi. Hapa sina mzaha na mtu. Springi ya shokapu imekandamizwa kwa nguvu inayobeba pembe nzima ya gari, na ukifungua nati ya juu kabla hujaibana, maunti itaruka kama risasi. Nilikodi vibana springi kwa fundi wa jirani. Tulivifunga viwili vikitazamana, tukakaza kidogo huku, kidogo kule, kwa mkono, si kwa mashine ya upepo. Mpwa wangu alikuwa ameinama juu ya maunti ili aone vizuri.

“Toa kichwa hapo.”

“Mjomba, si imeshabanwa?”

“Hata kama imebanwa. Simama pembeni.”

Tulisubiri mpaka springi ilipolegea na kucheza kwenye kikalio chake, ndipo nati ya juu ikafunguliwa. Maunti ya zamani ilipotoka, raba yake ilikuwa imepasuka kuzunguka mti mzima, na beringi ilipozungushwa kwa vidole ilikwaruza kama ina mchanga. Kwa kweli ilikuwa na mchanga. Ningeirudisha hiyo juu ya shokapu mpya, mlio ungebaki pale pale na lawama zingewaendea KYB bure.

Kabla ya kufunga mpya tulizisimamisha wima na kuzikandamiza mara kadhaa ili mafuta na gesi vikae mahali pake. Mti wake wa kung'aa usiushike kwa plaisi hata siku moja. Mkwaruzo mdogo juu yake utakata sili, na shokapu itavuja ikiwa bado mpya. Ncha ya chini ya springi lazima ikae kwenye kingo yake, usiiache imepanda juu. Tukafunga kila kitu, tukashusha gari, tukakaza mara ya mwisho kwa spana ya kupimia nguvu, kisha nikalipeleka kupimwa alaimenti, yaani mlalo na mwelekeo wa tairi. Alama ya msumari inasaidia, lakini haichukui nafasi ya alaimenti.

Sasa gari likoje? Pua haizami tena. Kwenye matuta ya Kawempe linapanda, linashuka, linatulia. Kule kwenye murramu, barabara ya udongo na changarawe, ya kwenda shambani, ambako shokapu za zamani zilikuwa zinachoka njiani hadi gari linaanza kuogelea, hizi zinabaki zile zile mwanzo hadi mwisho. Gesi iliyo ndani huzuia mafuta yasifanye povu, na povu ndilo linaloiua shokapu kwenye safari ndefu ya mashimo. Mlio wa usukani umekwisha kabisa.

Kasoro nitaisema pia. Ni ngumu kuliko nilivyotarajia. Mashimo madogo madogo unayasikia zaidi, na mama yangu, anayekaa kiti cha mbele, alilalamika wiki za mwanzo. Anayetaka gari lielee kama sofa hatazipenda. Binafsi nauchukua ugumu huo kwa furaha, kwa sababu gari linanisikiliza. Zile tairi zilizoliwa mawimbi nimezihamishia nyuma kwa sasa, bado zinavuma, na shokapu mpya haziwezi kuponya tairi iliyokwisha kuharibika. Shokapu za nyuma bado ni kavu na zinashika vizuri, kwa hiyo sijazigusa. Zikianza kulowa nitafunga KYB hizo hizo.