Laki mbili yangu na kikoba cha milioni hamsini

Niliapa sitaandika kitu. Ila juzi nimepanda daladala moja na yule ticha, akajifanya hanijui, basi hasira zote zikarudi.

Nilijiunga na darasa la jioni la JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, sijui ilikuwa kabla ya mfungo au baada. Laki mbili, keshi. Feni mbovu, hilo nawasamehe. Shida yangu ilikuwa moja tu, kikoba chetu kiachane na daftari. Nikatengeneza kiprogramu: kinauliza hisa za mama wa kwanza, kinauliza za wa pili, kinajumlisha. Nikaingiza 5000, nikaingiza 3000. Kikanijibu 50003000.

Milioni hamsini na elfu tatu! Akina mama wawili!

Nikaondoa alama ya kujumlisha, nikaweka ya kutoa. Ikaja 2000, safi kabisa. Nikachoka. Inajua kutoa, haijui kujumlisha? Nikanyoosha mkono. Ticha akaja, akainamia skrini, akacheka mpaka akashika meza: "Jamani njooni, dada kawa tajiri!" Darasa zima likaangua kicheko. Halafu, "Dada yangu, wewe rudi tu kwenye Excel," akaenda zake kuchaji simu. Kunielekeza, hakunielekeza. Laki mbili!

Usiku nikahangaika mwenyewe mpaka saa saba. Kumbe kile kisanduku cha prompt, kinachokuuliza ujaze kitu, hata ukijaza tarakimu kinakurudishia maandishi, na alama ya + ikikutana na maandishi inayatunga pamoja kama shanga. Ya kutoa haina cha kutunga, ndiyo maana inayageuza namba. Dawa yake ni kuyatia ndani ya Number(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, basi. Neno moja, lingemchukua nusu dakika kulisema. Nilipoona 8000 nilipiga kigelegele, mtoto akaamka analia.

Kwa hiyo lugha yenyewe siilaumu. Hapana, nailaumu. Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi tu, mwaka 1995, pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti. Siku kumi! Mkeka wa ukili hauishi kwa siku kumi.

Nilikuja hapa kuwaambia msiende. Lakini kufungua konsoli, lile dirisha la kujaribia kodi kwenye kivinjari, nilifundishwa palepale, na binti msaidizi wa Jumamosi ana subira, hanyanyapai mtu. Basi nendeni Jumamosi. Au hapana, kaeni na laki mbili zenu.

Kikoba sasa kinatumia programu yangu. Mweka hazina bado anaandika na daftarini, anasema ile milioni hamsini haijamtoka kichwani.