Skima ya kujitengeneza ya Elasticsearch: uzoefu wangu kwenye utafutaji wa bidhaa

Kwenye seva ya duka la mtandaoni, mimi huiachia Elasticsearch, injini ya utafutaji, ikisie skima ya mwanzo (orodha ya fildi na aina zake), kisha naifunga kabla data halisi haijaingia. Kwa matumizi hayo naipenda sana. Ikiachwa iendelee kukisia kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, utajuta.

Ukituma hati ya JSON kwa indeksi (mkusanyiko wa hati) ambayo haipo, indeksi inaundwa papo hapo. Namba kamili inakuwa `long`, yenye desimali `float`, na maandishi yanapata `text` (ya kutafuta maneno ndani yake) pamoja na tawi la `keyword` (la ulinganisho kamili). Maandishi yenye sura ya tarehe, kama 2024-03-15, yanakuwa `date`. Fildi yenye `null` au orodha tupu haiingizwi kwenye skima mpaka thamani ije.

Shida ni kwamba thamani ya kwanza ndiyo inayoamua. Bei ya kwanza ikiwa 1500, fildi ni `long`. Ikija 1499.50 haikataliwi: desimali inakatwa na indeksi inashika 1499. Lakini `_source`, yaani nakala ya hati uliyotuma, bado inaonyesha 1499.50 kama ilivyotumwa, kwa hiyo ukikagua hati kwa macho huoni kosa, huku vichujio vya bei na majumlisho vinatoka vibaya. Kwa pesa weka `scaled_float` yenye `scaling_factor` 100, ambayo huhifadhi bei kama namba kamili baada ya kuizidisha kwa 100.

Tarehe angalau hupiga kelele. Fildi ikishakuwa `date`, "Machi 2024" inarudishwa na kosa 400. Ila ukituma kwa `_bulk` (hati nyingi kwa ombi moja), jibu la jumla ni 200 hata kama hati kadhaa zimekwama, hivyo msimbo wako lazima usome `errors` ndani ya jibu. Mimi huzima `date_detection` na kutaja tarehe zangu mwenyewe.

Angalia pia `ignore_above`, ambayo huwekwa 256: maandishi marefu kuliko hapo hayaingii kwenye `keyword`, na ulinganisho kamili hautayapata. Ukituma vitambulisho vya watumiaji kama majina ya fildi, kikomo cha fildi 1000 kitafika haraka. Hapo tumia `flattened`, ambayo huweka kundi zima kwenye fildi moja.

Utaratibu wangu: tuma hati chache zenye sura zote za data kwenye `bidhaa-jaribio`, ukiwemo mfano wa desimali na wa maelezo marefu. Vuta `GET bidhaa-jaribio/_mapping`, rekebisha aina, ongeza `"dynamic": "strict"` (inayokataa fildi zisizotajwa), hifadhi faili kwenye Git, kisha unda `bidhaa-v1` nyuma ya aliasi `bidhaa`, jina la pili ambalo seva yako hulitumia. Aina ya fildi iliyopo haibadilishwi. Ukihitaji kuibadilisha unda `bidhaa-v2`, endesha `_reindex` (inayonakili hati kwenda indeksi mpya), halafu hamisha aliasi. Seva yako haitagundua chochote. Na kwa kuwa `_reindex` husoma `_source`, zile desimali zilizokatwa zinarudi.

Kwa maandishi ya Kiswahili, makisio haya hayatoshi. Hakuna kichanganuzi (kinachogeuza maandishi kuwa maneno ya kutafutwa) cha Kiswahili kilichojengwa ndani, kwa hiyo anayetafuta "kitabu" hapati "vitabu". `edge_ngram`, inayokata neno kuwa vipande vya herufi, haisaidii kwa sababu huanzia mwanzo wa neno, pale pale Kiswahili kinapobadilika. Tumia `ngram` (vipande kutoka popote ndani ya neno) ya herufi 3 hadi 4, tofauti ambayo mpangilio wa kawaida wa `max_ngram_diff` unaikubali, kwenye tawi la pembeni lenye uzito mdogo kuliko fildi kuu. Indeksi itavimba, na matokeo machache yasiyohusika yatajitokeza mkiani mwa orodha.