Uzoefu wangu na shelfu ya makopo ya spreyi niliyotengenezewa na mafundi wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam

Nilikuwa na makopo sita ya rangi nyeusi isiyong'aa na sikuwa na habari. Siku niliyoyagundua ndiyo siku niliyorudi na la saba kutoka dukani, shilingi 6,000 zimeshatoka mfukoni. Mke wangu aliyatazama yamepangwa mstari pale uani, akaniuliza kama nataka kufungua duka.

Naishi Kigamboni. Katikati ya wiki niko ofisini ng'ambo ya pili ya maji, mjini Dar es Salaam, mwisho wa wiki nashinda kwenye banda la gari nikipuliza rangi: nondo za madirisha, feni zilizochakaa, fremu za baiskeli, safari moja hata tangi la pikipiki ya shemeji. Gari lenyewe siku hizi linalala nje. Makopo yalikuwa kila kona: kwenye ndoo, kwenye boksi la televisheni, nyuma ya mlango, dirishani. Nilipoyatoa yote na kuyahesabu yalifika 41, pamoja na WD-40 (mafuta ya kulainisha vyuma), silikoni, dawa ya mbu na povu la kuzibia mianya. Tisa yalikuwa yameshakufa. Machache yalikuwa yamekwisha kihalali, mengine gesi ilivuja au kibonyezo kiliganda, na manne yalikuwa yameliwa na kutu kwenye kitako.

Kutu hiyo ndiyo iliyonisukuma nitafute shelfu. Fujo nimeizoea. Lakini kopo la spreyi ni bati jembamba, na pale chini lina ukingo uliokunjwa ambao unashika unyevu kama kisahani. Liweke kwenye sakafu ya sementi, kilomita chache kutoka baharini, upepo wa chumvi unaingia usiku kucha. Ukiliinua baada ya miezi michache linaacha duara la kahawia sakafuni, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Duara hilo ni bati la kopo lako linavyoondoka kidogo kidogo, na ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa.

Jaribio la kwanza nililifanya mwenyewe, na nalieleza kwa sababu wengi wataanza nalo. Nilinunua bomba moja la PVC la inchi 3, lile la maji machafu, lenye urefu wa mita 6, nikalikata kwa msumeno vipande vya sentimita 18. Nilipata 32. Kopo la kawaida la mililita 400 lina kipenyo cha milimita 65 hivi, kwa hiyo linaingia bila kubanwa, na kifuniko kinachungulia nje. Nikavifunga vipande kwa skrubu kwenye ubao wa plaiwudi, vimeinama nyuma kidogo ili makopo yasiteleze, nikautundika ubao ukutani. Ulipendeza sana. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, nikasifiwa.

Sifa hizo hazikumaliza miezi mitatu. Kwanza, ukitazama unaona vifuniko tu, na vifuniko vinadanganya. Kile cha kahawia kinaweza kuficha rangi inayotoka kama chai ya maziwa, na watoto wakishavichezea huwezi tena kuviamini. Nikarudi kulekule kwa kuchomoa makopo manne ili nipate moja. Pili, povu. Kopo la povu linatakiwa lisimame wima. Likilazwa, povu linakaa kwenye vali na kugandia hapo. Langu lilikuwa zima, halijafunguliwa, na siku ya kulitumia halikutoa hata tone. Tatu, nyigu. Kipande chochote kilichokaa wazi wiki mbili kilipata mpangaji, na nyumba yake ya udongo huwezi kuibandua bila yeye kukufuata hadi jikoni.

Kosa kubwa lakini lilikuwa ukuta wenyewe. Ubao niliutundika ukuta wa magharibi, juu, karibu na bati, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Siku moja niligusa kopo saa nane mchana nikashtuka. Nikaning'iniza kipimajoto: pale juu kilisoma nyuzi 46, na ukuta wa pili, usawa wa kiuno, kilisoma 34. Kwenye makopo yote imeandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Gesi inayosukuma rangi siku hizi mara nyingi ni propani na butani, ndugu wa ile ya mtungi wa jikoni. Zamani zilitumika gesi za CFC ambazo hazishiki moto, zikaachwa kwa ajili ya kuilinda ozoni, hasa baada ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa 1987. Kwa hiyo nilikuwa nimetundika makumi ya mitungi midogo ya gesi chini ya bati la Dar es Salaam, na mwezi wa pili ulikuwa bado haujafika.

Ndipo nikaenda Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea. Nilichora shelfu kwenye kipande cha boksi: ngazi tatu kama viti vya uwanjani, kila ngazi imepanda sentimita 10 juu ya ile ya mbele yake, upana sentimita 84 ili kila mstari ubebe makopo 12, miguu ya kuinua ngazi ya chini hadi usawa wa kiuno. Fremu ya ango, vile vyuma vya pembe, za inchi moja. Sakafu ya kila ngazi nilitaka iwe wavu wa chuma, wala isiwe bati. Fundi hakulielewa hilo. "Bosi, bati ndiyo imara, wavu wa nini? Unafuga kuku?" Nikamweleza habari ya vitako, akacheka, akaandika. Bei ilianza 150,000, tukakubaliana 110,000 pamoja na vifaa. Niliachiwa ahadi ya Alhamisi. Niliichukua Jumatano ya wiki iliyofuata, baada ya "kesho bosi" nne. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ya kuivusha hadi nyumbani ilinitoza 30,000, tozo ya daraja ikiwa humo.

Sasa tathmini yenyewe. Uimara: hauna maswali. Nimewahi kuipanda kufunga balbu. Wavu: kama kuna jambo moja ninalojipongeza, ni huo wavu. Hewa inapita chini ya kila kopo, unyevu haupati pa kutuama, na katika miezi minane ni makopo mawili tu yaliyoonyesha kutu mpya, yote mawili yalikuja nayo kutoka sakafuni. Na ngazi zimefanya kazi niliyoitaka: nikisimama mlangoni nasoma lebo zote 32 bila kugusa kitu. Tangu Agosti sijanunua rangi niliyonayo tayari, isipokuwa kliya (ile isiyo na rangi, ya kumalizia juu) mara moja, na hiyo ilikuwa ofa.

Kilichonikera ni umaliziaji. Kizuizi cha mbele nilikitaka cha sentimita 6, nikakuta 3. Ukichomoa kopo moja kwa haraka la jirani linainama na kudondoka. Nilipompigia simu fundi hakubisha, alikubali kuja kuongeza flatibaa (ukanda bapa wa chuma) ya pili bure, na hilo namshukuru. Ila alifika na mashine yake, akaangalia shelfu imejaa, akasema niyaache tu makopo, ni dakika mbili. Dakika mbili za cheche juu ya makopo 32 ya gesi! Nikamwambia asubiri, nikayabeba yote hadi stoo ya nyuma, nikafungua milango yote miwili na kungoja. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zikivuja zinatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona, kwa hiyo kufungua dirisha la juu peke yake hakusaidii. Kwa sababu hiyohiyo nimeuhamisha mtungi wa akiba wa jikoni uliokuwa ukikaa palepale bandani.

Rangi aliyoipaka nayo ilikuwa tatizo. Aliipaka juu ya mafuta na kutu, haikukauka vizuri, na siku za joto vitako vya makopo vilinata kwenye wavu. Jumamosi mbili zilikwenda kwenye msasa. Nikapaka praima, yaani rangi ya kutangulia, nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta ya kijivu, kwa brashi. Ndiyo, kwa brashi. Mtu mwenye makopo 32 ya spreyi alipaka shelfu ya spreyi kwa brashi, maana wavu ukiupulizia rangi nusu inakwenda ukutani.

Mpangilio nilioishia nao haufuati rangi, unafuata kazi. Kushoto kabisa praima, katikati rangi, kulia kliya, kwa hiyo mkono unatembea kutoka kushoto kwenda kulia kama kazi yenyewe inavyokwenda. Ngazi ya nyuma ni ya virefu: povu na dawa ya mbu. WD-40 na silikoni zinakaa mwisho wa ngazi ya mbele, mbali na kazi inayosubiri kupakwa, kwa kuwa silikoni ikigusa chuma, rangi inakimbia na kuacha vijishimo kama macho ya samaki. Kila kopo lina kipande cha tepu ya karatasi, juu yake mwezi niliolifungua na tone la rangi yenyewe. Tone hilo limenisaidia kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye lebo. Na kabla kopo halijarudi kwenye shelfu nalipindua kichwa chini, nabonyeza mpaka itoke gesi tupu ili rangi isigandie kwenye kibonyezo, halafu nakifuta. Sekunde tano. Niliposikia ushauri huo mara ya kwanza niliona ni kupoteza gesi, nikaendelea kuzika makopo yaliyojaa nusu.

Rangi inayoisha haraka kwangu ni ya fedha, ya nondo za madirisha. Inachekesha kwamba ndiyo iliyoanza. Mwaka 1949, Mmarekani mmoja wa jimbo la Illinois, Edward Seymour, alikuwa akiuza rangi ya alumini ya kupaka redieta za kupashia nyumba joto na akitafuta njia rahisi ya kuionyesha kwa wateja. Mkewe Bonnie ndiye aliyempa wazo la kuitia kwenye kopo la kupuliza. Mke wangu nimemsimulia, akasema basi na yeye ana wazo: tia kufuli.

Alikuwa na haki. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa amegundua kwamba ukitikisa kopo kuna kitu kinagonga ndani. Ile ni gololi ya kuchanganyia rangi, nami kwa ujinga nikamwambia ni gololi. Kesho yake nikamkuta ameketi na kopo tupu na bisibisi, anatafuta pa kuanzia. Nililinyakua kwa sauti ambayo hajaisahau. Kopo lililoisha rangi bado lina gesi, halitobolewi, na halichomwi: jirani mmoja aliwahi kuchoma taka zake na kopo la dawa ya mbu likiwa humo, tukatoka nje wote tukidhani transfoma imepasuka. Basi fundi yuleyule akanitengenezea mlango wa wavu kwa 25,000, mara hii nikampa vipimo vilivyoandikwa kwa kalamu ya alama juu ya chuma chenyewe. Ulikuja sawasawa. Ufunguo unakaa juu ya fremu ya mlango, na matupu nayaweka kando kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, mpaka siku ya gari la taka, nikiwaonyesha wazoa taka ni nini.

Kwa hesabu yote, na kirikuu, mlango na rangi ya kurudia, imenigharimu kama 190,000. Naipa nyota nne. Moja imekwenda kwenye zile Jumamosi mbili za msasa. Nikiagiza tena nitaomba iletwe bila rangi kabisa, kizuizi cha mbele kiwe cha sentimita 6 tangu mwanzo, na ngazi moja ya nyuma yenye nafasi zaidi juu, kwa sababu kopo la povu la mililita 750 linasimama lakini kibonyezo kinagusa fremu ya mlango. Kama makopo yako hayafiki kumi na tano na nyumba yako iko mbali na bahari, hata ubao wa kawaida ulioinuliwa juu ya sakafu, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, utakutosha.

Yale mabomba ya PVC bado yako ukuta wa magharibi. Yanabeba brashi, karatasi za msasa na mikanda ya tepu, na kipande cha juu kabisa kulia nimewaachia nyigu.