KiCad na erori za neti ambazo hazijaunganishwa: uzoefu wangu

Wadau, kuna watu wanaikimbia KiCad (programu ya kuchora saketi na bodi zake) sababu ya ile orodha ndefu ya neti, yaani pini zinazotakiwa kuunganishwa pamoja, inayosema "haijaunganishwa" wakati kwa macho waya unauona kabisa umefika kwenye pini. Mi naitumia kuchora bodi za ESP32 (chipu ndogo ya WiFi) na chaja ndogo za sola, na kwangu hiyo orodha ndo sababu ya kubaki nayo, ukiacha kwamba ni ya bure na haikuwekei mpaka wa saizi ya bodi.

Kitu cha kwanza ni gridi. Simbo zake (alama za vifaa kwenye mchoro) zimepangwa kwenye gridi ya mil 50, yaani mm 1.27, sasa ukichora na gridi ndogo zaidi waya unaishia pembeni kidogo ya pini na huoni tofauti mpaka uzoom sana. Cheki ncha ya pini, kama bado ina kaduara kadogo hapo hamna kitu, kakipotea imeshika. Dawa yake chagua vyote, raiti kliki, panga kwenye gridi, halafu endesha ERC (ukaguzi wa mchoro) tena, mara nyingi nusu ya makelele yanaisha hapo hapo.

Zingine ni lebo, yaani majina unayoyapa waya. SDA na Sda kwake ni neti mbili tofauti, na lebo ya kawaida haivuki kwenda shiti (ukurasa wa mchoro) nyingine, hapo unataka lebo ya global. Waya zikipishana bila kidoti nazo hazijaungana, bonyeza J uweke.

Ile inayowachanganya wengi ni AMS1117 (chipu ya kushusha volti) kulalamika haina umeme wakati VIN, pini yake ya kuingiza umeme, imetoka moja kwa moja kwenye konekta. Waya hauna shida jamani, ni kwamba pini za konekta programu haizihesabu kama chanzo cha umeme, kwa hiyo unaweka PWR_FLAG (alama ya kuiambia programu umeme unaingia hapa) kwenye hiyo neti na kwenye GND (ya ardhi) pia. Pini usiyoitumia bonyeza Q, iwekee alama ya X, basi.

Skimatiki (mchoro wa saketi) ikiwa safi ndo F8 upeleke kwenye bodi, ukianzia kurekebisha huku bodini utahangaika bure. Huku adui mkubwa ni GND: bonyeza B zoni (maeneo ya shaba) zijijaze upya kwanza, kama bado kuna kauzi kembamba ka kuonyesha hapajaungana kamebaki basi kuna pedi ya GND imezungukwa na treki (njia za shaba) na shaba ya zoni haifikii, tupia via (katundu kenye shaba kanakounganisha pande mbili za bodi) ishuke upande wa chini. Kwenye DRC (ukaguzi wa bodi) ukiikliki erori inakupeleka mpaka penyewe, hii naipenda kupita zote.

Lugha ya erori zake ndo inahitaji uzoefu, hapo naikata nyota moja. Bodi siagizi China kama kwenye DRC idadi ya ambazo hazijaungana haijawa 0, na ile ya kupuuza erori naitumia kwenye maandishi ya juu ya bodi tu, kwenye neti siigusi.