Wameniharibia mabehewa yangu ya kokoto (uzoefu wangu)

Mniwie radhi, naandika nikiwa bado na hasira. Nimetoka kuyapanga mezani mabehewa yangu sita, na kila nikiyatazama nasikia moto kifuani. Kama una kazi ya kuchapisha vitu vidogo kwa printa ya 3D hapa Dodoma, karakana niliyokwenda mimi usiende. Au nenda, lakini soma kwanza haya hadi mwisho.

Ninatengeneza modeli za reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Dodoma mwaka 1910 enzi za Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Wengi wenye mapenzi haya huanza na injini. Mimi nilitaka mabehewa ya mawe. Marehemu baba alikuwa kwenye genge la reli, na treni niliyoijua utotoni ni ile ya kokoto, kwa sababu siku ikija, baba alirudi nyumbani usiku. Kokoto ndizo zinazoshika mataruma yasisogee na kuyapitisha maji ya mvua chini. Zikipungua, reli inapinda. Mto Mkondoa ukifurika kule Kilosa na kula tuta, fundi mwenye zana zote duniani hafanyi kitu mpaka mawe yafike.

Basi nikachora. Skeli 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na kila kipimo kimeandikwa. Kimo cha ubavu wa behewa nikaandika milimita 6, yaani nusu mita kwenye behewa halisi. Nikatoa kianzio, nikaambiwa njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Hilo nimelivumilia, mafundi tunawajua.

Siku ya kuchukua nikafungua boksi. Ubavu milimita 14.

Nilidhani macho yananidanganya, nikatoa rula kwenye mkoba. Milimita 14! Kwenye behewa la kweli hiyo ni zaidi ya mita moja na sentimita ishirini. Nikamwita mwenye karakana. Alikuwa anachezea simu, na simu hakuiweka chini.

"Mama, hapo nimekuongezea. Ulivyochora lilikuwa kama sinia. Sasa limekaa kama behewa."

Nikamwambia ni behewa la mawe, ndivyo linavyotakiwa kuwa.

"Sasa mama, nani atapima? Mjukuu?"

Vijana wawili waliokuwa wanasubiri kazi zao wakacheka. Sina mjukuu wa kumpelekea. Mabehewa ni yangu, nimeyalipia kwa pesa yangu ya mauzo ya alizeti, na mtu mzima haulizwi swali kama hilo mbele za watu.

Na hivi ndivyo ambavyo angeelewa kama angenisikiliza dakika mbili tu. Tazama lori la mkaa linavyopita barabarani: gunia juu ya gunia, mpaka unahofia waya za umeme. Kisha tazama tipa la kokoto. Spring zimeshalala na bodi bado lina nafasi. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na jiwe zima la granite, kama haya ya vilima vyetu, hukaribia tani mbili na robo tatu. Ekseli ina kikomo chake. Ukiweka ubavu mrefu kwenye behewa la mawe, unamkaribisha mpakiaji alijaze, na akilijaza umevunja ekseli au umeua reli. Ndiyo maana mbavu zilikuwa fupi. Baba alikuwa akisema behewa la mawe ukiliona nusu ujue limejaa. Wenzetu wa Haytor, kule Devon Uingereza, walipofungua reli yao ya farasi mwaka 1820 kushusha granite, mabehewa yao yalikuwa bapa kabisa juu, jiwe limelala tu. Nao wangeambiwa wametengeneza sinia?

Nilipofika nyumbani nilijaribu kuyapenda. Nilishachekecha mchanga wa mawe kwa chujio la chai, punje zote saizi moja. Nikamimina kwenye behewa la kwanza. Nikiweka kiasi cha haki, kokoto zinapotelea chini, behewa linaonekana tupu. Nikilijaza mpaka juu, ninatazama mzigo ambao ungeshusha treni njiani kabla ya kufika Ihumwa. Nililia, nasema kweli.

Sasa haki ya mtu nayo isemwe. Kitu kigumu walikipatia. Upana kati ya magurudumu ni milimita 12 sawasawa, ambao ndio wa reli ya mita moja kwa skeli hii. Niliogopa wataweka 16.5, nipate behewa la baba yangu limevaa magurudumu ya SGR. Hawakukosea. Sasa mtu anayeweza hilo anashindwaje kusoma namba 6?

Na salio nikalipa lote! Hakupunguza hata senti. Nilipoomba risiti akaniambia mashine ina shida.

Juzi usiku nikachukua msumeno mdogo wa chuma na tupa. Nikapiga mstari kwa penseli, nikakata ubavu wa behewa moja taratibu, mikono inatetemeka, vumbi la rezini limejaa mezani. Nikalisugua, nikalipaka rangi ya kutu, nikamimina kokoto zikapanda kidogo katikati kama kichuguu. Nikaliweka kwenye reli chini ya taa.

Ribiti zote zinaonekana. Zote, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, zimepangwa kwa mstari mpaka kwenye kona ambako mimi mwenyewe nilichora kivivu. Kiunganishi kipo katikati kama inavyopaswa. Kuna mtu kwenye ile karakana, na sidhani kama ni yule wa simu, aliyekaa na mchoro wangu akaupenda. Nimetafuta kwingine hapa mjini, nimeletewa sampuli tatu, ribiti zimekuwa uji.

Kwa hiyo usiende, kama una haraka au kama huwezi kuvumilia kudharauliwa. Matano yaliyobaki nitayakata mwenyewe. Lakini nahitaji mengine manne treni itimie, na mchoro mpya uko tayari kwenye mkoba. Safari hii 6 nimeiandika kwa wino mwekundu pande zote nne, na nitaomba kuonana na aliyechonga ribiti.